Kabuti Lililokula Dakika za Daktari

Mchungaji wetu aliniomba nisimame mbele ya kanisa nieleze nilivyougua na nilivyopona. Nikamwambia mimi nikisimama mbele ya watu ulimi unaingia ndani kama kichwa cha kobe, heri niandike, kila mtu ajisomee kwake. Akacheka. Akasema, "Wewe utafanya lolote ili usitoke nyumbani." Ni kweli. Kwa hivyo wapendwa, haya ni maneno yangu, na nimeyaandika nikiwa nimekaa. Mkifika mwisho mtajua kwa nini neno hilo, kukaa, ni kubwa kwangu.

Mimi ni mtu wa Konoin, upande wa Mogogosiek. Nina shamba dogo la majani chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na mke anayeitwa Moraa, Mama Chebet kwa jina la binti yetu. Moraa alizaliwa ng'ambo ya Chepilat, kwa Wakisii. Watu wa kwao wakiwa na neno wanalitoa. Sisi Wakipsigis tunazunguka kwanza. Tukikutana barabarani nitakuuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, ya ng'ombe tena, na kama nyumba yako inaungua nitakuambia tukishaagana. Hayo ni maneno ya Moraa, si yangu. Zamani nilikuwa nayakataa.

Kabla ya ugonjwa, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukaa. Nina kigoda changu karibu na moto jikoni. Nikishapeleka majani kwenye kituo cha kununulia na ng'ombe wakishakamuliwa, mimi na kigoda ni kitu kimoja. Dada yangu ameolewa Londiani na hajaniona kwake tangu siku tuliyompeleka. Arusi na mikutano nilimwachia Moraa. "Nenda uniwakilishe," nilikuwa namwambia. Naye anajibu, "Nitawaambia uko hai, lakini sina ushahidi."

Kitu cha pili nilichokipenda ni kabuti langu. Ni zito, la kijani kilichochoka, vifungo vinapanda mpaka kidevuni. Kwetu kuna baridi, lakini si baridi peke yake. Mwanamume wa umri wangu haendi mbele ya watu bila koti, hata jua likiwaka. Mifukoni mle mlikuwa na kisu cha kupogolea chai, kufuli isiyo na ufunguo, ufunguo usio na kufuli, tochi, betri zilizokufa ambazo nilikuwa na imani nazo, na misumari. Na shingoni nilijifunga skafu aliyonifumia Chebet. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naenda kanisani, na hivyo ndivyo nilivyokwenda hospitali. Shikeni hapo.

Ugonjwa ulianza na joto. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ule ukungu haupandi mpaka karibu saa sita na kila mtu anatembea mikono ikiwa kwapani. Mimi nikaanza kutoka jasho. Jasho la mgongo, la kichwa, la viganja. Nyumbani nilivua kila kitu nikabaki na fulana, Moraa akiwa amejifunga blanketi mbili upande wa pili wa moto.

"Baba Chebet, kwani unachomwa na nini?"

"Labda huu moto umezidi."

"Huu moto umezimika tangu saa moja."

Halafu kukaa kukanishinda. Hilo ndilo lililonitisha mapema, ingawa sikusema. Nilikaa kwenye kigoda, mguu mmoja ukaanza kucheza wenyewe. Nikaushika, wa pili ukaanza. Nikasimama nikaenda kuangalia ng'ombe. Nikarudi. Nikaenda kuangalia lango, na lango lilikuwa pale pale. Nikarudi, nikaenda tena kwa ng'ombe, wakaniangalia kama mtu aliyesahau kitu. Mimi, mtu wa kukaa, nikawa mlinzi wa boma langu bila kuajiriwa. Moraa alisema nimetengeneza njia mpya kwenye nyasi, na kwamba mvua ikinyesha itakuwa mtaro.

Nilikuwa nakula. Jamani, nilikuwa nakula! Ugali wa watu wawili, na baada ya muda mfupi naingia jikoni kufunua sufuria. Na bado suruali ilikuwa inashuka. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha lingine. Chakula hakikukaa tumboni. Nilikimbia chooni mara nyingi kwa siku, choo laini, bila damu, bila maumivu makali. Nawaomba radhi wanaosoma hii wakiwa mezani, lakini kama nitaficha choo basi sijajifunza lolote.

Na moyo. Huo moyo ulikuwa unapiga kama kuku aliyefungwa miguu akatiwa kwenye gunia. Nikilala upande wa kushoto nausikia kwenye mto. Nikilala kulia nausikia sikioni. Wakati mwingine ulikimbia, ukajikwaa, ukanyamaza kidogo, ukakimbia tena. Katika ule ukimya mdogo nilikuwa nasema, Bwana, kama ni sasa, angalau niwe nimekaa.

Nikaenda dispensari. Si mara moja.

Daktari wetu pale ni kijana mzuri, lakini ni mmoja, na watu wanaanza kupanga laini kabla hajafika. Unakaa asubuhi nzima kwa benchi, halafu unapata naye muda wa kumenya ndizi. Mara ya kwanza niliingia, nikamsalimia vizuri, nikamuuliza habari ya wazazi. Akasema, "Wako sawa, mzee. Nini mbaya?" Nikasema tumbo linaharisha. Nikapata dawa ya amiba. Mara ya pili, habari ya wazazi, wako sawa, nikasema usingizi umepotea. Akaniambia nipunguze mawazo. Mara ya tatu nikasema miguu haina nguvu, akanipa dawa ya maumivu.

Mnaona nilivyofanya? Kila safari nilimpelekea kipande kimoja, kama mtu anayetuma ng'ombe kwa jirani leo mkia, kesho pembe, halafu anashangaa kwa nini jirani hajui ni mnyama gani. Nilidhani kutaja mambo mengi ni kulialia. Mwanamume ana shida moja kwa wakati mmoja.

Na kila safari sista alinipima uzito. Nilipanda mzani na kabuti langu, limelowa mvua ya njiani, na gambuti zenye matope, na zile betri, na ile kufuli. Sista alikuwa na laini ndefu. Akaangalia, akaandika. "Uzito hajapoteza," akasema. Nikafurahi. Nikamwambia Moraa, "Unaona? Mashine imesema sijakonda." Akaangalia mkanda wangu wenye matundu kama filimbi. Hakusema kitu.

Lakini wengine walisema. Mtu akikonda huku kwetu kila mtu anajua ni ugonjwa gani kabla hajapimwa. Majirani walianza kumsalimia Moraa kwa sauti ya matanga. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba anaanika nguo, machozi yanamtoka, na mikono yake inaendelea kuanika.

"Mama Chebet, ni nini?"

"Ni sabuni."

"Sabuni inaingia macho yote mawili?"

Akaniangushia maneno, kama kawaida ya kwao. "Unakufa, na unafanya hivyo kwa adabu."

Nilipimwa huo ugonjwa wa kusemwa, sikuwa nao. Daktari wa dispensari akaniandikia nikaonane na daktari mkubwa mjini Kericho, wa magonjwa ya ndani, ambaye hukaa na wagonjwa wa kliniki siku chache tu kwa mwezi. Nilivaa kabuti, nikafunga skafu, nikaenda peke yangu. Moraa alitaka kuja. Nilimwambia mtu mzima haingii kwa daktari na mke kama mtoto wa chanjo.

Nilishuka steji nikapanda ule mlima kwa haraka, kwa sababu polepole nilikuwa siwezi tena. Nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikatembea koridoni, nikakaa. Askari wa mlangoni akaniuliza kama nimepoteza mtu. Saa nane ndipo nikaitwa.

Daktari mkubwa alikuwa msichana. Namaanisha mwanamke kamili, mwenye miwani na faili nyingi, lakini umri wa Chebet wangu. Hapo hapo nikajua habari ya choo haitatoka kinywani mwangu.

"Karibu, mzee. Shida ni gani?"

"Chamge, daktari." Ndiyo salamu yetu.

"Chamge mising. Shida ni gani?"

"Habari ya kazi?"

"Nzuri tu. Unaumwa wapi?"

"Sauti yako ni kama ya watu wa huko juu. Wewe ni wa wapi?"

"Londiani. Sasa, mzee..."

"Londiani! Dada yangu ameolewa huko. Viazi vya mwaka huu vilikuwaje?"

Alitabasamu, maana alilelewa vizuri. Akasema viazi vilikuwa vizuri. Huku anaongea alikuwa ananifunga ile bendeji ya presha juu ya mkono wa sweta, maana mkono mmoja wa kabuti ulishatoka, na kukunja sweta na shati pia ni kazi ya nusu saa. Akaangalia mashine.

"Moyo unakimbia. Umetembea haraka?"

"Nimepanda mlima kutoka steji."

Ilikuwa kweli. Sikuongeza kwamba moyo unakimbia hata nikiwa nimelala chali. Hakuuliza, sikusema. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikaificha mifukoni, nikashika kufuli. Simu yake ikalia. Mtu akaleta faili nyingine. Akaniuliza tumbo linasumbua? Nikasema, kidogo tu. Akaandika dawa ya tumbo, akanipa tarehe ya mbali.

Nilishika kitasa cha mlango. Ndipo neno likaja, lile la kweli, kama linavyokuja kwetu, tukishaagana.

"Halafu, daktari, huu moyo usiku..."

Nikageuka. Kwenye kiti changu alikuwa tayari ameketi bibi mmoja mwenye fimbo, aliyepenya kando yangu nilipofungua mlango. Hakusalimia hata kidogo. Alisema, "Daktari, goti." Neno moja. Goti. Na daktari akainama palepale kulishika. Nilimwonea wivu yule bibi mpaka nikafika nyumbani.

Wiki chache baadaye tulipeleka majani kituoni, mimi na Moraa. Mvua ilikuwa imetupiga shambani tukichuna. Karani wa kituo ni Langat, mtu wa kijiji chetu, mkali kwa mzani. Kwa kawaida anakata uzito wa gunia, na kama majani yamelowa anakata na ya maji. Miaka yote nimenung'unika kidogo, kisha nikanyamaza. Siku hiyo nilipasuka.

"Unakata nini? Unakata nini, Langat? Unataka kukata na mikono yangu?"

Laini nzima ikageuka. Hawakuwahi kunisikia nikipaza sauti. Hata mimi sikuwahi kujisikia. Nikachukua gunia nilitundike kwenye ndoano mwenyewe, ili nimwonyeshe. Mapaja yakakataa. Sikuteleza, jamani. Miguu iliacha kazi tu, kama wafanyakazi waliogoma, nikakaa kwenye matope, gunia juu yangu.

Langat akaja kuniinua. "Mzee wangu, nimekata gunia na maji. Nyama yako sijaigusa."

Watu wakacheka, nami nikajaribu kucheka. Moraa hakucheka. Alikuwa amesimama, anaangalia mzani, anaangalia kabuti langu linavyochuruzika maji.

"Langat anakata gunia," akasema polepole. "Baba Chebet, wewe pale dispensari nani alikukata kabuti?"

Sikumwelewa. Alinivua kabuti palepale, mbele za watu, vifungo vyote mpaka kidevuni. Akampa Langat. Lori lilikuwa halijafika, Langat akalitundika kwenye ndoano na kufuli yake na betri zake na maji yake. Akaangalia mzani. Akapiga mluzi.

"Mzee, umekuwa ukipimwa pamoja na kondoo."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesimama na fulana, na watu walikuwa wananiangalia mbavu. Mama mmoja akageuza uso. Mimi nilijiangalia kama vile nimeonyeshwa mtu mwingine. Nilijua gunia hudanganya mzani. Nimebishana na makarani watatu juu ya jambo hilo. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia hospitali ndani ya gunia, limelowa, nikasema mashine imesema sijakonda.

Kesho yake Moraa hakungoja tarehe ya mbali. Alinipeleka dispensari bila kabuti, akamwambia sista mambo kwa mpigo: amepungua, anakula kuliko sisi sote, moyo unakimbia hata akilala, jana miguu imemwangusha. Sista akanipandisha mzanini upya. Akaangalia ile namba, akaangalia ya zamani, akaenda kumwita daktari kwa mlango wa nyuma. Simu ikapigwa Kericho. Tarehe ikasogezwa karibu, lakini nikaambiwa nitaingizwa katikati ya wengine, kwa hivyo nijue muda ni mfupi.

"Muda haukuwa mfupi," Moraa akasema njiani. "Wewe ndiye uliupeleka Londiani kununua viazi."

Jioni hiyo alinikalisha kwenye kigoda. Yeye akawa daktari. Akavaa miwani yangu ya kusomea, akaweka maziwa ya chai motoni.

"Maziwa yakipanda, umetolewa nje. Karibu mzee, shida ni gani?"

"Chamge, daktari. Habari ya..."

"Maziwa."

"Nilikuwa nasalimia tu."

"Salimia mara moja, endelea."

Nikaanza na tumbo. Kutoka tumbo nikaingia kwenye dawa ya amiba, kutoka amiba nikafika kwa yule daktari kijana na wazazi wake. Shhh! Maziwa yakamwagika, moto ukafuka. Tuliyapoteza maziwa yale. Akaweka mengine.

"Nini kinakutisha kuliko vyote?"

Nikaangalia maziwa. Mguu ulikuwa unacheza. "Moyo."

"Basi anza na huo. Tukichuna chai unaanza na nini? Na yale majani makavu ya chini?"

"Na yale laini ya juu."

"Sasa je?"

Mara ya pili nilianza na moyo, nikapita kwenye kukonda, nikafika chooni nikaona haya, maziwa yakapanda. Mara ya tatu nikamaliza. Maziwa yalikuwa yameanza tu kutetemeka pembeni. Nilijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani. Chai ya siku hiyo ilikuwa na maziwa kuliko maji, maana Moraa alisema hayo yote sasa ni dawa.

Kericho tulienda wawili. Kabuti lilibaki kwenye msumari nyumbani, na nilijiona uchi koridoni nikiwa na shati tu. Kila aliyepita nilidhani ananisema. Nilikuwa natembea huku na huku mpaka Moraa akashika mkanda wangu kwa nyuma kama mtu anayeshika ndama. Jina langu likaitwa.

"Karibu, mzee. Shida ni gani?"

Salamu zilinijaa mdomoni. Londiani yote ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikameza.

"Daktari, naogopa moyo wangu utasimama. Unakimbia mchana na usiku, hata nikiwa nimelala, na unaruka. Nakonda na nakula sana. Natoka jasho kwenye baridi. Naharisha kila siku. Miguu imeniangusha. Na siwezi kukaa." Nikaushika mguu uliokuwa unacheza. "Nilikuwa mtu wa kukaa."

Aliweka kalamu chini. Mara ile ya kwanza hakuiweka.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba," Moraa akadakia. "Na mikono. Baba Chebet, toa mikono mfukoni."

Daktari akaniambia niinyooshe mbele, vidole wazi. Akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani kwenye upepo, na wote watatu tukawa tunaiangalia, mimi pia, kama si mikono yangu. Kisha akasema, "Hiyo skafu."

Nilikuwa nimesahau skafu. Kabuti tuliliacha, skafu nilijifunga kwa mazoea. Moraa akaifungua. Daktari akaangalia shingo yangu, akanipa maji kwenye kikombe, akaniambia nimeze. Nilipomeza, kitu kikapanda na kushuka shingoni, chini ya koo, kama yai dogo ndani ya soksi. Moraa akashika mdomo.

"Hii imekuwa hapa muda gani?"

"Sijui," nikasema. "Imekuwa ndani ya skafu."

Alisema ni tezi ya shingoni. Kila mtu anayo, ndiyo inayopanga mwendo wa mwili, na yangu ilikuwa imekanyaga mafuta bila breki. Ndiyo iliyokimbiza moyo, ikayeyusha nyama, ikaharakisha tumbo, ikanitoa kwenye kigoda. Ugonjwa mmoja! Nami nilikuwa nimeugawa vipande kama nyama ya sherehe. Walinitoa damu, wakanibandika nyaya kifuani kupima moyo, wakaipiga shingo picha. Damu ilipojibu, ilikuwa vile alivyosema.

"Mzee," akaniambia, "ungekaa nao miezi mingine michache, moyo ungechoka kabisa. Hapo tungekuwa tunaongea mambo mengine, na mama peke yake."

Moraa alikuwa ameweka swali lake tayari. "Daktari, tukiwa nyumbani, ni kitu gani tukiona tusingoje tarehe?"

Akatujibu vizuri. Akasema moja ya dawa hizi, kwa watu wachache, hushusha kinga ya damu. Nikipata homa na koo kuuma, niache kumeza, nije siku hiyohiyo nipimwe damu. Akasema nikishindwa kupumua, nije. Kisha nikafanya kitu ambacho Moraa alinifundisha jikoni: nikamrudishia maneno yake kwa mdomo wangu, dawa hii asubuhi, ile mara tatu, homa na koo nije. Palikuwa na kosa. Nilikuwa nimegeuza, hii mahali pa ile. Akanirekebisha. Ningetoka bila kurudia, ningemeza kinyume mpaka Krismasi.

Kupona hakukuja kama mvua. Kulikuja kama mche wa chai, unaangalia kila siku huoni kitu. Moyo ulitulia kwanza, ndani ya siku chache, na ule utulivu wenyewe ukanitisha, nikawa nashika kifundo cha mkono kuhakikisha bado upo. Jasho likapungua. Choo kikapata adabu tena. Nyama ilichelewa. Miguu ilichelewa zaidi. Siku moja koo liliniuma na mwili ukapata moto, tukakimbia Kericho bila kungoja asubuhi ya pili, nikapimwa damu, ikawa mafua ya kawaida. Sikuona aibu kwa safari hiyo. Hata sasa, moyo ukiruka kidogo nikiwa shambani, nasimama na jani mkononi nasikiliza. Bado nautegea sikio. Labda nitautegea siku zote.

Lakini jioni moja nilikuwa jikoni, Moraa anasonga ugali, tukiongea habari ya ndama. Ghafla akaacha kusonga. Akanyoosha mwiko kuelekea miguu yangu.

"Angalia."

Nikaangalia. Miguu ilikuwa imetulia, yote miwili, chini ya kigoda, kama mbwa waliolala. Nilikuwa nimekaa. Sijui tangu saa ngapi. Ugali uliungua kidogo siku hiyo, maana mpishi alikuwa analia, na safari hii hakusema ni sabuni.

Ninamshukuru Mungu, maana pumzi ni yake. Ninamshukuru yule daktari wa Londiani aliyeweka kalamu chini. Sista aliyekubali kupima upya. Langat na ndoano yake. Moraa nisimshukuru sana hapa, atasoma, na nyumba ni ndogo.

Nanyi wapendwa, hasa wanaume wa makoti. Daktari ana watu wengi na hana macho ya kupenya nguo. Ukifika mbele yake usimpelekee mkia leo na pembe kesho. Mpeleke mnyama mzima, na uanze na kile kinachokunyima usingizi. Mwambie kabla hujashika kitasa. Ingia na mtu anayekujua, kwa maana wewe utasema "kidogo tu". Rudia ulichoambiwa kabla hujainuka. Na kama unaona haya kutaja choo chako mbele ya daktari wa umri wa binti yako, jua hicho choo ameshakisikia kwa watu wengi, chako si cha ajabu. Mazoezi fanyeni na maziwa, ila msiyaweke mengi.

Juzi nilikuwa kliniki tena. Nilisalimia mara moja, nikasema yangu, nikaonyesha shingo na mikono, nikarudia dawa. Daktari akaandika, akafunga faili, akaangalia saa ukutani. Akaegemea kiti.

"Mzee, leo umeniachia dakika. Habari ya nyumbani?"

Nikamwangalia Moraa. Moraa akaangalia dari.

Nikamwambia habari ya nyumbani. Ng'ombe amezaa, mvua imekuja vizuri, majani yamekubali. Nikauliza viazi vya Londiani. Nilikuwa ndio naingia kwenye mbolea wakati Moraa alipovuta shati langu, akaninong'oneza kwamba kuna watu wanangoja. Nikakatiza mbolea katikati.

"Unaharakia wapi, Baba Chebet?" daktari akacheka.

"Mimi siharakii popote, daktari," nikasema nikiinuka. "Naenda nyumbani kukaa."